Tezo tatu kutoka springi moja: iliyopasuka, iliyomegeka na iliyojikunja

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Tulinunua jani moja la springi ya gari kutoka bara, mhunzi akalikata vipande vitatu akatufulia tezo tatu za kuchongea mbao. Zote alizitia moto mpaka zikawa nyekundu, akazizamisha katika ndoo ya maji ya bahari. Ya kwanza ililia "ta!" humo majini ikatoka na ufa. Ya pili ilitoka nzima, inakata kuliko tezo ya dukani, lakini ilipogonga msumari wa zamani ndani ya taruma, yaani ubavu wa jahazi, ilimegeka kama kigae. Ya tatu tulihofia isije ikafanya vivyo hivyo, akairudisha motoni mpaka ikawa nyekundu tena, akaiacha ipoe mchangani. Sasa makali yanajikunja kwenye mbao ngumu ya mbambakofi. Chuma ni kimoja, mtu ni mmoja, moto ni mmoja. Kosa ni la maji ya bahari, la springi, au la mhunzi?

Jibu:

Waaleikum salaam, fundi.

Mhunzi wako ana mkono. Tezo inayokata kuliko ya dukani haitoki kwa bahati nasibu, na springi nayo haina kosa. Kazi imepungukiwa na hatua moja na imezidishiwa jambo moja. Hatua iliyopungua ni kuipasha tezo tena kwa moto mdogo baada ya kuizima, yaani kuipoza ghafla. Kilichozidi ni kasi: maji ya bahari hupoza chuma haraka kuliko springi inavyostahimili. Ukizikata tezo zako na kuzitazama chini ya hadubini, ya kwanza na ya pili zitafanana kama mapacha, na ya tatu itakuwa kitu kingine kabisa, ingawa zote zilitoka jani moja.

Springi ya gari ni feleji, yaani chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Majani mengi ya springi yana kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.65, manganisi karibu asilimia 0.8, na kromi kiasi hichohicho. Nondo ya kujengea kwa kawaida ina kaboni ya asilimia 0.2 hadi 0.3 na haina kromi ya maana. Tupa nzuri ya zamani hufika asilimia 1 na kupita. Ni viwango vidogo, kama chumvi katika sufuria ya mchuzi, lakini mpishi yeyote anajua chumvi kidogo inafanya nini.

Siri iko kwenye nafasi. Chuma kikiwa baridi, atomu zake zimejipanga kwa mpangilio uitwao feraiti, na humo kaboni karibu haina pa kukaa. Hata katika moto wa nyuzi 727 za Selsiasi feraiti haibebi zaidi ya asilimia 0.02. Kaboni inayobaki huungana na sehemu ya chuma ikawa simentaiti, kitu kigumu kama kauri na chenye tabia ya kauri ya kuvunjika bila kupinda. Feraiti laini na simentaiti ngumu hulaliana tabaka juu ya tabaka, kila tabaka nyembamba kuliko unywele mara mamia. Mlalo huo wa tabaka unaitwa pelaiti.

Ukikipasha chuma kupita nyuzi 727, atomu huanza kujipanga upya. Mpangilio mpya, ostenaiti, una vyumba vikubwa zaidi, na kaboni huingia humo ikaenea kote kama sukari inavyopotea ndani ya chai, ilhali chuma chenyewe hakijayeyuka. Springi inataka ifike nyuzi 830 hadi 850 ili kaboni iingie yote na ienee sawasawa. Mpaka hapo tezo zako zote zilikuwa hali moja. Kilichozitenganisha ni namna zilivyopoa, na yaliyozipata baada ya kupoa.

Chuma kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kutoka vyumbani na kujitenga, na unarudi kwenye pelaiti. Kikipoa ghafla, kaboni hushikwa palepale ilipo. Springi inapokaribia nyuzi 250, atomu hazivumilii tena mpangilio wa moto. Zinaruka mara moja kwenda kwenye mpangilio wa baridi, na kaboni bado imebanwa katikati yake. Mpangilio wote unavutika upande mmoja, kama mlango uliovimba kwa mvua ndani ya fremu. Umbile hilo ndilo matensaiti. Kwa hadubini linaonekana kama vibanzi na sindano zilizopishana huku na huku.

Ugumu wake unatoka kwenye mvutano huo. Chuma hupinda kwa sababu safu za atomu zinateleza moja juu ya nyingine. Katika feraiti zinateleza kwa urahisi. Katika pelaiti kila baada ya hatua chache zinagonga ukuta wa simentaiti. Katika matensaiti zimebanwa kila upande, haziwezi kuteleza karibu hata kidogo. Chuma kisichoweza kuteleza hakipindi, kikizidiwa, kinapasuka.

Nguvu ya springi ya aina hii ikiwa imelainishwa kabisa ni karibu kilo 74 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika. Ikipashwa ikaachwa ipoe hewani hufika kama kilo 98. Ikizimwa katika mafuta kisha ikapashwa tena kwa nyuzi 205 hupanda mpaka kama kilo 226. Ikipashwa tena kwa nyuzi 425 hushuka kwenye 164, na kwa nyuzi 540 kwenye 119. Ni chuma kilekile, hakijaongezwa wala kupunguzwa kitu, na nguvu yake imepanda mara tatu.

Lakini kuna jambo moja ambalo moto hauligusi, na wahunzi wengi hawaliamini. Ukaidi wa chuma dhidi ya kuyumba haubadiliki. Tezo nyembamba iliyogumishwa na tezo nyembamba iliyolainishwa zitayumba sawasawa ukizibonyeza kwa uzito uleule. Tofauti ni kwamba iliyogumishwa itarudi mahali pake na iliyolainishwa itabaki imepinda. Kwa hiyo tezo ikikutetemekea mkononi wakati wa kuchonga, usimlaumu mhunzi kwa moto wake. Mwambie aifue nene zaidi mgongoni.

Tezo iliyolia majini

Matensaiti inachukua nafasi kubwa kuliko ostenaiti, kwa karibu asilimia 4 ya ujazo. Sasa fikiria kipande cha springi cha unene wa milimita 8 kikiingia ndani ya ndoo. Ngozi yake inapoa kwanza, inageuka matensaiti, inakuwa ngumu na kavu. Moyo bado ni wa moto na laini. Baada ya muda mfupi moyo nao unafika nyuzi 250, unageuka, unatanuka. Lakini ngozi imeshakaza na haiwezi tena kufuata, kwa hiyo inavutwa kutoka ndani mpaka inapasuka. Ile sauti ya "ta!" uliyoisikia ni ngozi ya tezo ikiachia.

Kadiri ngozi inavyopoa haraka kuliko moyo, ndivyo mvutano unavyozidi. Hapo ndipo maji ya bahari yanapoingia katika habari hii. Chuma chekundu kikizamishwa katika maji matamu, kwanza hujifunika koti la mvuke. Mvuke haupitishi joto vizuri, kwa hiyo koti hilo linakikinga kidogo. Kisha koti linapasuka, maji yanachemka juu ya chuma chenyewe, na hapo ndipo joto linapotoka kwa kasi kubwa kabisa. Maji ya bahari yana chumvi karibu asilimia 3.5. Maji yanapogeuka mvuke, punje za chumvi hubaki juu ya chuma na kurukaruka, zikilitoboa koti kabla halijatulia. Chuma kinanyimwa ile kinga ndogo. Ndiyo maana maji ya bahari ni makali kuliko maji ya kisima, ingawa ukiyagusa kwa mkono ni maji tu.

Je, mhunzi alikosea kuyatumia? Kwa tupa ya zamani, hapana. Chuma chenye kaboni bila kromi kinahitaji kasi kubwa sana. Kisipopozwa chini ya takriban sekunde moja katika eneo la nyuzi 550, kaboni inawahi kutoka na unapata pelaiti badala ya matensaiti. Mazoea ya kuzima majini yametoka kwenye chuma cha namna hiyo. Na pwani hii haikuanza kufua chuma jana: mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliitaja Malindi kwa chuma chake. Chuma cha tanuri za udongo za zama hizo mara nyingi kilikuwa na kaboni chache na isiyolingana, na bila maji hakigumiki. Kromi na manganisi za springi ndizo zilizobadilisha hesabu. Zinaizuia kaboni isitoke haraka, zinampa mhunzi sekunde kadhaa badala ya moja. Mafuta yenye joto kiasi yanatosha kabisa kuigumisha springi ya milimita 8 mpaka moyoni. Kuitia katika maji ya bahari ni kuipa kasi isiyoihitaji na kuilipia kwa ufa.

Swali linabaki: kwa nini ya kwanza ilipasuka na ya pili ikapona? Mara nyingi ni kitu kidogo. Kona kali ya ndani, mkwaruzo wa tupa uliopita kwa upana wa bapa, au makali yaliyokwisha kunolewa yakawa membamba kama karatasi kabla ya kuzimwa. Ufa hupenda kuanzia hapo. Inawezekana pia springi ilikuwa na ufa tangu garini. Lamu ni mji wa punda, si wa magari. Springi inayovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja kisiwani imeshabeba mizigo miaka mingi bara, na chuma kinachopinda na kurudi mara milioni hujenga nyufa ndogo zisizoonekana, hasa karibu na tundu la katikati.

Kuzitafuta ni rahisi. Safisha jani mpaka chuma cheupe kionekane, lilowe katika mafuta ya taa kwa saa moja, kisha lipanguse likauke kabisa. Nyunyiza unga wa chaki na usubiri robo saa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki, mwembamba kama uzi. Ukiuona, kata kipande hicho utupe.

Tezo iliyomegeka

Hii ndiyo iliyokuwa karibu sana na mafanikio. Ilizimwa, ikawa matensaiti tupu, ikawa ngumu kiasi kwamba tupa ingeteleza juu yake kama juu ya kioo. Matensaiti mbichi ya namna hiyo si ya kufanyia kazi ya kupiga. Inakata vizuri mpaka ikutane na kitu kinachoipa mshtuko, na msumari wa zamani ndani ya taruma ni mshtuko hasa.

Dawa ni kuipasha tena kwa nyuzi 200 na ushei. Kwa joto hilo atomu za chuma hazihami, lakini kaboni, iliyo ndogo, inapata nguvu ya kusogea. Sehemu yake inatoka mahali ilipobanwa na kujikusanya katika vipunje vidogo mno vya kabidi, yaani muungano wa chuma na kaboni. Mvutano unashuka, safu zinapata nafasi ya kuteleza kidogo kabla ya kupasuka. Ugumu unaopotea ni mdogo: kutoka karibu 61 kwa kipimo cha Rockwell C hadi 57 au 58. Ustahimilivu unaopatikana ni mkubwa. Kwa maoni yangu hakuna hatua katika kazi yote ya mhunzi inayolipa zaidi kwa gharama ndogo kuliko hii, na ndiyo inayorukwa kila siku kwa sababu tezo tayari "imeshatoka".

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni tanuri. Tanuri ya mwokaji wa boflo, au oveni ya gesi yenye kipimajoto, inashika nyuzi 200 hadi 230 bila taabu. Weka tezo humo saa mbili, itoe ipoe, irudishe saa mbili nyingine. Mara ya pili ina sababu: kuna ostenaiti kidogo ambayo hubaki bila kugeuka wakati wa kuzima, baadhi yake hugeuka matensaiti mbichi baadaye, na hiyo nayo inataka kupashwa.

Ya pili ni rangi, na hii inafaa kuitazama kwa makini. Sugua bapa la tezo kwa msasa mpaka ling'ae kama sarafu mpya, usiliguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Pasha kipande kinene cha chuma mpaka kiwe chekundu, kiweke chini, kisha laza mgongo wa tezo juu yake, makali yakiwa nje hewani. Kwa dakika moja au mbili hakuna kinachoonekana. Kisha karibu na mgongo inatokea njano hafifu, rangi ya makuti makavu, na inaanza kutambaa kuelekea kwenye makali. Nyuma yake inafuata kahawia, nyuma ya kahawia inakuja zambarau, halafu samawati. Zinasogea kwa pamoja kama mistari ya kanga, na kadiri zinavyofika penye wembamba zinaongeza mwendo. Njano hafifu ni karibu nyuzi 205, njano iliyokolea 220 hadi 230, kahawia 240 hadi 250, zambarau karibu 280, samawati karibu 300. Njano iliyokolea ikifika kwenye makali, tumbukiza tezo katika maji mara moja. Hapo maji hayana madhara, kwa kuwa hakuna tena ostenaiti ya moto ya kugeuka ghafla. Unazuia tu rangi isiendelee.

Rangi hizo ni ngozi ya oksidi inayonenepa, kwa hiyo zinategemea muda pia. Chuma kilichokaa nyuzi 210 kwa saa mbili kinaweza kuonyesha rangi ya juu zaidi ya njano. Ukitumia tanuri, amini kipimajoto. Ukitumia kipande cha chuma chekundu, amini rangi.

Tahadhari moja inayowakamata hata mafundi wazoefu: mtu akiona tezo bado inamegeka, huongeza moto mpaka samawati akidhani atapata ustahimilivu zaidi. Kwa feleji za aina hii kuna ukanda, takriban nyuzi 260 hadi 370, ambapo chuma kinakuwa laini zaidi lakini uwezo wake wa kupokea pigo la ghafla unashuka badala ya kupanda, kwa sababu simentaiti inajitandaza katika vibanzi vyembamba kwenye mipaka ya punje, zile chembe zilizoshikana zinazounda chuma. Kwa makali ya tezo, baki chini ya 250. Ningekushauri uwe na mbili: ya mbao mpya ipashwe kwa nyuzi 205, na ya kukarabati majahazi ya zamani, penye misumari, ipashwe kwa 230. Ya pili itataka kunolewa mara nyingi zaidi, lakini haitamegeka ovyo.

Tezo iliyojikunja

Hii haihitaji maneno mengi. Ilipokuwa nyekundu tena ilirudi kwenye ostenaiti, na yote iliyopewa na maji yakafutika. Mchangani ilipoa polepole, kaboni ikatoka kwa starehe, ikawa pelaiti na feraiti. Ndicho chuma laini ambacho mhunzi angekitaka ili atoboe tundu au apige tupa, na hakifai kwa makali. Habari njema ni kwamba haijaharibika. Izimwe upya kwa njia ninayoieleza hapa chini na itakuwa tezo nzuri kuliko zote tatu.

Kuifanya safari hii

Kufua kwenyewe hukuza punje za chuma, hasa kama kilifika rangi ya chungwa iliyong'aa au zaidi. Ukivunja kipande cha feleji iliyochomwa kupita kiasi, mvunjiko wake unametameta kama sukari guru iliyovunjwa. Ya punje ndogo ina rangi ya kijivu iliyotulia, kama mahameli. Punje kubwa ni njia pana ya ufa. Kwa hiyo kabla ya kuzima, isawazishe: ipashe mpaka karibu nyuzi 870, ipoe hewani mpaka weusi, kisha 840, ipoe, kisha 800, ipoe. Kila safari punje zinazaliwa upya zikiwa ndogo zaidi. Ipoe mahali palipotulia. Ukiianika kwenye upepo wa kusi, penye wembamba patapoa haraka mno na kromi itapafanya pagumu nusunusu, na tezo inaweza kujipinda.

Acha makali yawe mazito, kama milimita 2, na uviringishe kila kona. Mistari ya tupa ifutwe kwa msasa. Kunoa kwa mwisho kunakuja baadaye.

Tumia makaa ya vifuu au ya mti mgumu, rundo refu, na tezo ikae katikati ya makaa mekundu, isikae mdomoni mwa mvukuto. Upepo ukiipiga tezo moja kwa moja, oksijeni inakula kaboni ya ngozi. Baada ya kuzima utapima kwa tupa, tupa itauma, na utadhani haikugumika, kumbe ni ngozi tu. Chini yake, kwa kina cha sehemu chache za kumi za milimita, ni ngumu.

Joto lisipimwe juani. Saa sita mchana Lamu chuma cha nyuzi 850 kinaonekana chekundu cha kufifia, na mhunzi anaongeza moto mpaka anakichoma. Fanya kazi ndani ya banda lenye giza au baada ya magharibi. Kisha tumia vipimo viwili. Funga sumaku ya spika mbovu kwenye waya na uigusishe tezo: karibu nyuzi 770 itaacha kushika. Hiyo peke yake haitoshi. Nyunyiza punje chache za chumvi laini, iliyokaushwa vizuri, juu ya bapa mbali na makali. Chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801, na utaiona ikigeuka kutoka unga mweupe kuwa tone linalong'aa kama jasho. Chumvi ya mawe inayotoka mashamba ya Gongoni, juu ya Malindi, isage kwanza, la sivyo itaruka motoni. Tone likishatokea, ongeza moto kidogo mpaka rangi ipande daraja moja, ukiona nyekundu inaanza kuelekea chungwa umefika. Ishikilie hapo kama dakika tano ili moyo nao ufike.

Mafuta ya kupikia yanafaa. Hesabu lita 8 kwa kila kilo ya chuma. Kwa tezo moja weka lita 10 ndani ya debe refu la chuma lenye mfuniko, kamwe si ndoo ya plastiki. Yapashe kwanza mpaka nyuzi 50 hadi 60, kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto. Mafuta ya uvuguvugu ni mepesi na hupoza haraka kuliko mafuta baridi, jambo linalowashangaza wengi. Hakikisha hakuna maji chini ya debe. Maji yakichemka chini ya mafuta yanayamwaga yote nje yakiwa yanawaka. Oili chafu ya injini iache: moshi wake una sumu na yenyewe haipozi vizuri zaidi.

Debe liwe hatua moja kutoka motoni. Ingiza tezo wima, makali yakitangulia, sentimita 6 tu ziingie, na uisogeze juu na chini. Usiitikise kwa ubapa, upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na tezo itapinda. Upande wa mpini haufai kugumishwa hata kidogo. Ndio unaopokea kila pigo. Mwali ukitokea, funika. Makali yakiwa hayatoi moshi tena na upande wa mpini umeshapoteza wekundu wote, zamisha iliyobaki.

Ikiwa bado na uvuguvugu wa kushikika mkononi, pima kwa tupa: iteleze. Kisha ipeleke kwenye tanuri siku hiyohiyo. Matensaiti mbichi iliyoachwa kulala usiku inaweza kupasuka yenyewe mezani, saa nyingi baada ya watu kwenda nyumbani, kwa kuwa mvutano bado umo ndani. Osha chumvi yoyote iliyobaki kwa maji matamu kabla haijaanza kutu.

Unoe kwa jiwe lenye maji, pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Ukitumia mashine ya kusaga na makali yakaonyesha samawati hata kwa sekunde, sehemu hiyo umeilainisha. Saga mpaka rangi iishe na uende mbele milimita moja zaidi.

Kwa tezo zako tatu: ya tatu anza kuisawazisha kisha uizime katika mafuta. Ya pili saga makali mpaka upite penye pengo, jiwe likiwa limelowa muda wote, kisha tanuri ya nyuzi 230 mara mbili. Haihitaji kurudi kwenye moto mkubwa. Ya kwanza ipake mafuta ya taa na chaki, tazama mstari unaishia wapi, ukate sentimita moja juu ya hapo. Kitakachobaki kama kinatosha kiganja, kifuliwe patasi.